Mchanga Kwenye Dagaa

Mimi shule niliiachia darasa la tatu, mbuzi wa baba hawakuwa na mchungaji. Na mbuzi wenyewe walikuja kufa wote kwa maradhi, lakini hayo tuyaache. Nataka kueleza kwa nini siku hizi nikifika mbele ya shule navuka barabara, napita upande wa pili.

Hapa mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapofikia, nje kidogo ya Nansio, tunaanika dagaa mchangani. Mvua ikitukuta, wanaoza. Sasa mwalimu wa sayansi aliwaambia watoto wa darasa la tano watafute shida moja ya mtaani, waunde kitu cha kuitatua, wazazi waje kuona. Kundi la mjukuu wangu likaja kwangu.

"Shikamoo bibi. Shida yako ni nini?"

"Marahaba. Magoti."

Wakacheka. "Hayo peleka zahanati, bibi. Tupe nyingine."

Ndipo nikawatajia mvua.

Wakagonga kabati la mabanzi lenye miguu, wakalizungushia nailoni inayopitisha jua. Wakatandaza dagaa wabichi ndani, wakaniachia nililinde hadi siku ya wazazi.

Kwetu mkamwana mgeni akisonga ugali ukatoka mbichi, unaumeza na kushukuru. Basi nilipofungua kabati nikakuta dagaa wametoka jasho na wananuka, nilifanya vilevile, nisiwaaibishe watoto. Niliwamwagia bata. Bata wangu hawachagui, mwaka juzi walikula sabuni. Nikajaza dagaa wangu wakavu, nikafunga.

Siku ya wazazi watu walipiga makofi. Mjukuu wangu akatia dagaa mmoja mdomoni, akatafuna, akaacha.

"Bibi, hawa wana mchanga."

"Mchanga kidogo haukosi, mama."

"Kabati letu lina miguu. Mchanga umepandaje?"

Nikatazama chini. Kisha nikasema yote, na bata nikawataja.

"Umri huo bado anaibia mtihani," akasema mvuvi mmoja nyuma yangu, na uwanja mzima ukacheka. Mjukuu wangu hakucheka.

"Walioza wa juu kwanza, au wa chini?"

"Sijui."

"Nailoni ilikuwa na maji kwa ndani?"

"Sikuangalia, mama."

Nilikuwa na haraka ya kuwaficha. Watoto walisimama pale na kalamu zao, hawana la kuandika, kwa kuwa walichokihitaji nilikuwa nimewapa bata. Yule mvuvi nilimsahau siku ileile. Zile kalamu sijazisahau.

Wiki hii wamelirudisha kabati na dagaa wengine wabichi, sasa lina matundu juu. Mjukuu wangu akaniambia taratibu, kama anayeongea na mtoto, "Bibi, usiwaguse. Hata wakinuka."

Bata nimewafungia bandani. Leo mchana harufu imeanza. Nimepiga magoti, haya haya mabovu, nimechungulia: wa juu wamekauka, wa chini wameloa, hasa kona ya nyuma. Nimerudia kuangalia nisije nikasema uongo tena. Watoto bado hawajatoka shule. Nimechukua fimbo yangu, naenda kuwasubiri getini.