Hadithi Zangu za Mchana

Kwiii. Kwi, kwi, kwiii. Hiyo ni sauti ya kalamu ya jiwe ikipita juu ya kibao kikavu, na ukiisikia mara moja, meno yako hayaisahau tena. Juzi mtoto mmoja alikuwa akikwaruza ukuta wangu kwa kigae, anachora kuku au ng'ombe, sijui, maana mnyama wake alikuwa na miguu mitano. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nikaacha mwiko chunguni, uji ukaungua, nami sina habari. Nilikuwa nimeshafika mbali, chini ya Matogoro, kwenye banda la nyasi lililokuwa shule yetu, wakati ule wa Mdachi, vita vya Maji Maji vilipokwisha na njaa ikaingia.

Kaa basi nikusimulie, uji tutapika mwingine. Watu siku hizi wananiuliza sana, "Hawa watu wa hadithi zako unawatoa wapi?" Wanastaajabu kwa sababu hakuna aliyenituma kuandika, wala hakuna wa kunichapia. Naokota karatasi za kufungia sukari dukani, nazinyoosha, nazishona kwa uzi. Hadithi ikiisha inazunguka nyumba kwa nyumba, anayejua kusoma anawasomea wengine, na inarudi ina mafuta na alama za vidole. Ukiona shule yangu ilikuwa fupi namna gani utacheka. Nilijifunza kusoma, kuandika na kujumlisha. Kutoa sikufika.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Nyasa, mwenye kanzu iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Misheni ilimpa vibao vichache kuliko watoto, kwa hiyo tulishikana wawili wawili, huyu anaandika, yule anasubiri. Kabla ya kwenda nyumbani alipiga makofi: "Futeni!" Tulitema mate, tukafuta kwa viganja, na kila tulichojua siku ile kikageuka tope la kijivu mkononi. Mtoto akinung'unika, mwalimu alimwambia, "Kibao si chako. Ni cha kesho."

Sasa, njaa. Askari walikuwa wamechoma vihenge vya nafaka na mashamba, na wanaume wengi hawakurudi. Wengine walinyongwa bomani, watu wakajua. Wengine hakuna aliyejua kitu. Tulikula ming'oko, ile mizizi mirefu unayoichimba porini mpaka bega linaingia shimoni, tukala uyoga, tukala majani yenye majina na yasiyo na majina. Jua likizama watu walijilaza, maana kukaa macho ni kuitumia nguvu ambayo huna. Na hapo ndipo hadithi zilipokwisha. Kwetu hadithi ni ya moto wa jioni. Ukiisimulia mchana utaota pembe. Jioni sasa hakuna mwenye pumzi, na mchana ni mwiko. Bibi yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, alikuwa fundi wa hadithi kijiji kizima. Nilipomsumbua alisema, "Mdomo wenye njaa hausimulii, unapiga miayo."

Njaa ya tumbo nilianza kuizoea. Ile nyingine, ya hadithi, ilinishinda. Siku moja bibi alikuwa kibarazani anamenya ming'oko, nikamwuliza:

"Bibi, ukiandika hadithi mchana, utaota pembe?"

"Kuandika ndiko kufanyaje?"

"Unaikwaruza kwenye kibao. Halafu ukikiangalia, kinakuambia."

Akaacha kumenya. Bibi hakuwa mtu wa kuvunja mwiko ovyo, aliuzunguka kwanza kama anayekagua kuku wa kununua. "Anayesema ni wewe au ni kibao?"

"Ni kibao, bibi."

"Basi pembe zitaota kibaoni." Akachukua mzizi mwingine. "Na kibao chenyewe ni cha wazungu. Ziwaotee huko huko."

Kesho yake nilimaliza herufi za mwalimu haraka haraka, na chini yake, mahali palipobaki, nikaandika habari za mtu mmoja. Nilimwita "mtu wangu" tu. Alikimbia vita akiwa na jembe lake, akapanda Matogoro, akaishi msituni na nyani, hajui kama vita vimekwisha. Kwa nini jembe na si mkuki? Sijui. Nilipomwona kichwani, alikuwa tayari amelishika.

Bibi alikuja kusikiliza. Hakuja peke yake, alikuja na jirani yetu. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko cha kushtua ndege, na njaa ile haikukimaliza. Mume wake aliondoka na wenzake kwenda vitani, hakuonekana tena. Wanawake wenzake waliletewa habari za waume zao, wakalia, wakakaa matanga. Yeye alikataa. "Sijaona kaburi, sijaona mtu aliyeona kaburi. Nilie nini?" Wakwe zake walimsihi, akawakaribisha kwa maji ya kunywa na kuwasindikiza njiani.

Basi ikawa hivyo. Kila mchana, kabla ya "Futeni!", wanawake wawili walikaa nje ya banda, nami nikakitoa kibao dirishani na kuwasomea. Mwalimu alisimama nyuma yangu. Siku ya kwanza alisema, "Hii si hesabu." Siku iliyofuata alisema, "Soma upesi, nataka kufunga." Siku nyingine alisahau kupiga makofi.

Huko ndiko nilikojifunza kazi hii, rafiki yangu. Kibao ni kidogo, kwa hiyo kwa siku moja linatokea jambo moja tu. Mtu wangu anavuka kijito, basi, hajala bado. Na kwa kuwa kinafutwa, nilirudi nyumbani nikiirudia hadithi kwa miguu, hatua kwa hatua, isipotee. Mpaka leo siwezi kutunga nikiwa nimekaa. Tena nikagundua kwamba nikiacha mahali penye wasiwasi, kesho jirani anafika mapema. Nilimwambia bibi. Akanitazama upande. "Huo ni uchawi, mke mwenzangu. Endelea nao."

Mambo yalibadilika siku mtu wangu alipojitayarisha kulala. Niliandika kwamba aliliegemeza jembe kwenye mti, akalipigapiga mpini na kuliambia, "Lala, dada. Kesho tena."

Kicheko cha jirani kikakatika katikati.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Nani amekuambia hayo?"

"Nimetunga, mama."

"Hujatunga." Alikuwa amesimama. "Hayo ni maneno ya mume wangu. Kila jioni, mlangoni pangu, na mimi namwuliza, 'Dada yako amekula?' Umemwona wapi?"

Mwalimu akafuta kibao mwenyewe siku ile.

Njiani bibi alinishika mkono. "Haya, mtu wako kichwani mwako aliingia kwa mlango gani?" Nikaanza kumvua mtu wangu kipande kipande, na nakwambia ukweli, nilifurahi kama anayefungua mtego na kukuta ndege watatu. Kikohozi kilikuwa cha mjomba. Kuchechemea kulikuwa kwa mtu wa chumvi aliyepita kijijini kabla ya vita. Kuogopa vyura ni kwangu mwenyewe. Na lile "Lala, dada"? Nilifikiri mpaka tukafika karibu na uzio wa jirani, na pale pale nikakumbuka. Nilikuwa mdogo, nimekaa chini, nakula udongo kidogo kama watoto wanavyofanya, na sauti ya mwanaume ikasema na jembe upande wa pili wa uzio ule wa matete. Neno lile nilikuwa nimelisahau kabisa, lenyewe halikunisahau.

Jirani hakutaka habari za uzio. Tangu siku ile alinipokea kwa swali moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anarudi lini?"

Ungedhani ni mchezo, kama hukujua habari ya kibuyu. Nyumbani kwake, juu ya jiko, kilining'inia kibuyu cha mbegu ya mahindi, alichokificha shimoni askari walipochoma vihenge. Njaa yote ile hakukigusa. Lakini kwao jembe la kwanza hulipiga mwenye nyumba. Asipokuwapo, matanga yakiisha, mkewe huruhusiwa kuanza. Matanga hakukaa, mume hakurudi, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Matogoro. Asipopanda msimu ule, angekula nini mwaka unaofuata? Bibi alimwambia wazi, "Mvua haimngoji mume wa mtu." Naye akajibu, "Mtoto amesema yu hai msituni. Ngoja tusikie."

Ngoja tusikie! Mimi, ambaye kutoa sikufika!

Nikajaribu kumrudisha. Nilimleta kwa njia ya Madaba, amebeba chumvi, ananyatia mlango ili amshtue mkewe. Jirani akatikisa kichwa. "Huyo siye. Wangu unamsikia kabla mbwa hajamsikia." Siku ya pili nikamleta akiimba. "Hakuwa na sauti, maskini. Aliimba kama mlango." Nikamleta usingizini mwa mkewe, nikamleta kwa kumfuata nyani, nikamleta amepanda punda. Kwa punda walicheka wote wawili mpaka bibi akaomba ashikwe. Lakini kila mara mtu wangu alifika penye uzio, akasimama. Nilimsukuma, hakuingia. Inakuwaje mtu uliyemtengeneza mwenyewe anakukatalia? Nilimwuliza mwalimu. Akajikuna shingo. "Mimi nafundisha herufi tu," akasema.

Asubuhi moja nilitumwa kuomba moto kwa jirani. Nilimkuta amekishusha kibuyu. Alikitikisa sikioni, akazibua kizibo cha gunzi, akamimina kidogo kiganjani. Punje zilitoka na unga mwembamba wa manjano, na katika unga ule fukusi wawili wakatembea. Alizipuliza punje moja moja. Nyingine zilikuwa na tundu. Nikachukua moto wangu nikaenda.

Siku ile sikuandika herufi za mwalimu kabisa. Niliandika kwamba mvua ya kwanza ilimkuta mtu wangu amechoka. Akala uyoga, akanywa maji kwenye jani. Akalilaza jembe chini, pale kwenye nyasi kavu, akajilaza kando yake, akaliambia, "Lala, dada." Kibao kikaisha.

Nilisoma polepole.

"Hakusema kesho tena?" jirani akauliza.

"Hakusema, mama."

"Alisema lala tu?"

"Lala tu."

Alinyoosha mkono dirishani, akachukua kibao. Akakitazama sana, yeye asiyejua herufi hata moja, kisha akakifuta mwenyewe kwa kiganja, pande zote mbili, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. "Basi amelala," akasema. Akaondoka. Hatukusikia kilio mpaka alipofika kwake, na kilipokuja wanawake wote waliacha walichokishika wakamfuata. Bibi alikuwa wa kwanza, na mwendo wake ulikuwa wa msichana.

Matanga yalikuwa mafupi, kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya mawingu. Kumbikumbi walipotoka ardhini, jirani alikuwa shambani, anachagua punje nzima nzima na kuzifukia. Nilimwuliza bibi kwa siri, "Na kama akirudi kweli?" Bibi alikuwa na kumbikumbi mdomoni. "Akirudi atayakuta mahindi. Asiporudi, tutakula sisi."

Hakurudi. Mpaka leo hakuna anayejua alilala wapi.

Banda lile la nyasi liliangushwa na mchwa. Mwalimu alichukuliwa kubeba mizigo vita vya wazungu wenyewe kwa wenyewe vilipokuja, nasi bado tunamwulizia kwa kila mtu anayetoka Nyasa. Bibi amelala. Wadachi wamekwenda zao, wamekuja wengine. Watoto wa sasa ukiwaambia kwamba hadithi ya mchana inaotesha pembe wanajishika vichwa, wanacheka, wanaomba nyingine. Nafurahi, kwa nini nisifurahi? Ila wakati mwingine natamani nimwone mtu mmoja tu anayeuogopa ule mwiko, auzunguke kwa maswali kama bibi. Na hadithi ile ya kwanza, yenye kikohozi cha mjomba na punda, haiko popote. Ilikuwa tope la kijivu kwenye viganja, likaoshwa.

Jambo moja lililofuata matanga yale sikumwambia mtu. Shamba la jirani lilipozaa, alituletea kikapu, bibi akatwanga, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nyumba ikanukia unga. Jioni ile kila mzee alikuwa anatambika. Walimwaga unga kidogo chini na kuwataja watu wao waliolala mbali, wa kunyongwa na wa kupotea. Jirani alimtaja mume wake. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikaona kwamba mtu wangu hakutajwa. Angetajwa na nani? Mume wa jirani hakukohoa kile kikohozi. Hakuchechemea. Hakuogopa vyura. Walikuwa watu wawili, na mmoja hakuwa na ndugu.

Nikachota unga wangu kiasi cha vidole vitatu, nikatoka, nikafuata njia mpaka mlima unapoanza kuinuka. Nikaumwaga kwenye nyasi, nikachuchumaa. Nikamwambia tu kwamba mahindi yametoka vizuri. Sisimizi wakaja, wakaanza kuubeba chembe kwa chembe. Nilikuwa na njaa bado. Nikawaachia.