Ringi ya Nne

Wewe unayelisifu gari kwa kung'aa kwake, lini uliinama mara ya mwisho ukatazama mgongo wa ringi zake? Usijisumbue kujibu. Wengi wetu tunataka uso tu, na mji umejaa mafundi walio tayari kutupa uso huo.

Qais wa Kikwajuni alikuwa fundi wa namna nyingine. Kwa miaka ishirini alizifufua ringi kuukuu uani kwake, baina ya kamba ya nguo na pipa la maji. Zilimjia zimeliwa na chumvi ya pwani, zimepakwa rangi juu ya rangi. Yeye alianzia nyuma, pale ambapo hapana atakayepaona. Msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi kwa maji, na mwisho kitambaa na dawa. Mkewe, Hamda, akitaka kuuweka sawa mtandio wake, alijitazama humo humo.

Kung'arisha alijifunza kwa bibi yake, Bi Muzna, aliyesugua sinia za shaba kwa ukwaju na majivu kila Idi ilipokaribia. Ndiyo maana ringi zake za kwanza aliziharibu. Alizipaka ukwaju akaziacha mpaka asubuhi, akidhani zitang'aa kama sinia. Alizikuta zina madoa meusi kama uso wa mtu aliyelia na wanja machoni. Tangu siku hiyo hakuamini kitu kwa mazoea, alikijaribu.

Na jaribio lake liliwachekesha watu. Ringi ikishavuliwa rangi, aliipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akainyunyizia poda ya uso ya Hamda. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yalitoka taratibu yakailowesha poda.

Jumatano moja, baada ya sala ya alasiri, alizijaribu ringi nne za mpwa wake Samir, dereva wa wageni. Asubuhi ya pili yake hoteli moja ya Kiwengwa ingekagua magari ili ichague madereva wa mwaka mzima. Samir alikuwa na Noah la zamani na mtoto wa siku arubaini, na matumaini yake yote aliyaweka kwenye ringi zile.

Tatu zilibaki nyeupe. Ya nne ikajichora mstari mgongoni, mwembamba kama unywele, mrefu kama kidole.

Samir akaingia mbio. "Shikamoo, mjomba. Nshachelewa, fundi wa mipira ananingoja."

"Marahaba. Tatu chukua. Hii hapana."

Samir akainama, akacheka. "Kimstari hicho? Umeipamba poda kama bi harusi, sasa unasema mgonjwa! Itie gundi ya chuma, ipige rangi. Nani atakayeigeuza?"

"Shimo la barabarani haliulizi rangi, Samir."

"Wenzangu wote wanatia gundi."

"Na poda yangu mmeimaliza!" Hamda akapiga kelele kutoka jikoni. "Mgombane mkijua hilo."

Qais hakucheka. Gundi alikuwa nayo kabatini, na robo saa ingetosha. Hapana mkaguzi ambaye angejua. Lakini mtoto yule yeye mwenyewe ndiye aliyemuadhinia sikioni siku aliyozaliwa, na sasa akilini alimwona baba wa mtoto huyo akiteremka kuelekea Kiwengwa na ufa ule ukizunguka chini yake. Akatoka nje, akalipiga jeki Noah lake mwenyewe, la namna moja na la Samir, akalivua gurudumu la mbele, ringi nyeusi ya chuma na mpira wake, akaja akilibingirisha mpaka uani.

"Funga hili."

"Hilo? Vioo vitatu na sufuria jeusi la shughulini? Watanicheka mpaka getini!"

"Wakucheke."

"Mjomba, nnakwenda kutafuta riziki, siendi kuchekwa!" Samir akapakia ringi zake zote nne kwenye teksi iliyomngoja nje, pamoja na ile yenye ufa. "Ringi ni zangu."

Hilo lilikuwa kweli, na mali ya mtu hainyang'anywi. Qais akalibingirisha gurudumu jeusi hadi nje, akaliegemeza barazani. "Nnaliacha hapa," akasema, "na nati zake tano." Samir akaondoka bila kuaga. Hamda alipoandaa chakula, Qais alimega mkate akaurudisha sahanini.

Asubuhi iliyofuata, alipotoka msikitini, baraza ilikuwa tupu. Gurudumu hapana, nati hapana. Huenda ni Samir, huenda ni mwizi. Akapitiliza mlango wake, akatembea haraka mpaka Michenzani, wanapokusanyika madereva wa wageni.

Noah la Samir lilikuwepo. Madereva watatu walikuwa wamelizunguka, wamejishika mbavu.

"Samir! Gari lako limetoka na kiatu cha nani?"

Samir alikuwa amechutama mbele ya gurudumu la mbele la kushoto, kitambaa mkononi, akiisugua ringi nyeusi ambayo haiwezi kung'aa hata isuguliwe mpaka Idi.

"Cha mjomba wangu," akajibu bila kuinua kichwa. "Nipisheni, nnachelewa."

Akaingia, akawasha gari. Qais alisimama upande wa pili wa barabara, viatu vyake vya msikitini vimejaa vumbi. Aliliona Noah likishika njia ya Kiwengwa, gurudumu jeusi likaingia kwenye shimo kubwa la kwanza kwa kishindo, likatoka, likaendelea kuzunguka.