Ng'ombe wa Elieza na Ndege ya Serikali

Saa moja asubuhi, Naftali Sumari anawasha moto wa nyasi mbichi pembeni mwa kiwanja cha ndege cha Arusha. Moshi unapanda, kisha unalala kuelekea Mlima Meru. Rubani akiuona, atajua upepo unatoka wapi.

Naftali, mwenye umri wa miaka 41, anakata nyasi hapa mwaka wa tisa sasa, kwa shilingi hamsini na tano kwa mwezi. Hajapanda ndege hata siku moja.

"Nazijua matumbo tu," anasema akicheka.

Sasa kibarua chake kipo mashakani. Shirika la ndege la serikali ya Waingereza linaendeshwa kwa hasara, na kabla ya masika wakubwa wataamua kama waliokoe kwa fedha za kodi au waliache life.

Wiki iliyopita jambo hilo lilifika kwenye baraza la kijiji cha Sekei. Mzee Lesikar, mfugaji, alisimama na fimbo yake.

"Kodi yangu imbebe mzungu angani, nami naenda Oldonyo Sambu kwa miguu?"

Watu walicheka, kisha wakamgeukia Naftali. Akawaamkia wazee, akasema:

"Mzee hajakosea. Lakini hapa kwetu jirani akikwama hatumpi fedha akazitapanye. Tunampa ng'ombe amtunze. Anywe maziwa, achukue samadi, ila ng'ombe abaki wa mwenyewe. Na mwenyewe huja kukagua. Akimkuta amekonda, anamswaga kwake. Serikali ifanye hivyo hivyo."

Makofi yalipigwa, karani akaandika. Lakini mdomo uliponza kichwa.

Barazani alikuwapo Elieza, ambaye ng'ombe wake anatunzwa na Naftali tangu kahawa ya Naftali iliponyauka. Asubuhi iliyofuata Elieza alipiga hodi.

"Nimekuja kukagua," akasema.

Mbavu za ng'ombe zilikuwa zinahesabika. Naftali hutoka alfajiri na kurudi jioni, na majani ya migomba anayokata mkewe, Tabea, hayatoshi. Watoto wao wanne wanategemea maziwa hayo.

"Sijawahi kuona aibu kama siku ile," anakiri.

Elieza hakumswaga ng'ombe wake. "Jana ulisema vizuri, ndugu yangu," alimwambia. "Nakupa mpaka masika."

Miaka yote tisa, nyasi za kiwanjani zimekuwa zikichomwa zote. Juzi Naftali alimwomba msimamizi wake, akakubaliwa kubeba mzigo mmoja kila siku, mradi abakize za moshi.

Ndege inatua, inapita mbele yake kwa kishindo. Naftali haitazami sana. Anafunga mzigo wake nyuma ya baiskeli.

"Ndege isipokuja, nyasi hazikatwi, na ng'ombe anarudi kwa mwenyewe," anasema. "Mimi na shirika tumepewa siku zile zile za kujirekebisha. Mimi kwangu nimeshaanza."