Ng'ombe Aliyewekwa kwa Jirani

Juzi nilimwona mwalimu wangu wa darasa la sita mnadani Katesh, na viganja vikaniwasha.

Mchana mmoja wa mwaka ule wa darasa la sita, darasa lilinuka chaki na maziwa ya mgando tuliyobeba vibuyuni. Alituuliza kama Zanzibar ibaki kwenye Muungano au itoke. Nyumbani tulikuwa tumeweka ng'ombe kwa jirani: maziwa alikunywa yeye, ng'ombe akabaki wetu. Nikadhani na nchi huwekwa hivyo. Nikasimama nikasema, "Mwenye ng'ombe akimtaka, anamchukua."

"Nchi si ng'ombe," alisema, akanichapa fimbo sita viganjani. Wenzangu walicheka mpaka kengele ikalia.

Leo najua kwamba nchi si ng'ombe kweli. Yeye ndiye aliyesahau. Pale mnadani, mvi kichwa kizima, alikuwa akiwaambia vijana, "Muungano ni kama ng'ombe uliyemweka kwa jirani. Ukimtaka, unamchukua." Wakampigia makofi.

Aliponiona alingoja shikamoo. Nikampita taratibu, vijana wote wakitazama.

"Huyu mama hakufundishwa adabu?" akauliza.

Nikageuka. "Nilifundishwa na wewe, mwalimu."