Siku Dani Alipoukosa Mfupa Wangu

Wanasema aibu ukiisimulia inapungua, lakini hii yangu ya kule kijijini Usenge, kando ya ziwa, hata baada ya miaka yote hii, nikianza tu kuieleza siwezi kukaa mahali pamoja.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa golikipa wa timu ya mtaa pale Nyalenda, na bega langu la kulia lilikuwa na tabia ya kuchomoka (mara ya mwisho lilichomoka nikivaa shati!), mpaka daktari akanipasua. Alikata kamfupa kanakojitokeza mbele ya bega, akakashusha, akakafunga kwa skrubu kwenye ukingo wa tundu la bega ili kazuie bega lisitoke tena. Akanikataza kuvuta vitu vizito.

Basi siku ya kwenda kuposa kwa kina Adhiambo, kwa vile nilisikia baba yake ni mvuvi na hataki mkwe legelege, nikamsihi Adhiambo asitaje upasuaji. Tukafika na rafiki zangu wawili, tukakuta wazee wanavuta mashua nchi kavu, nami kwa kiherehere changu nikavua koti nikashika kamba. Wacha bega liume! Nilipiga ukelele mpaka wanawake walioanika omena, wale dagaa wa ziwani, wakageuka.

Nikapelekwa nyumbani, akaitwa Dani, nyanya yake Adhiambo, ambaye kazi yake ilikuwa kurudisha mifupa ya watu. Akanivua shati, akaona kovu.

"Hii ni nini, baba?"

"Baiskeli, Dani. Nilianguka zamani."

Hapo nikajichimbia kaburi. Akapapasa bega la kushoto, akapapasa la kulia, akarudi kushoto.

"Yawa! Huku mfupa iko, huku hakuna! Imeingia ndani. Nyinyi, shikeni yeye, narudisha!"

Rafiki zangu wenyewe wakanikamata (na Adhiambo yuko jikoni, wa kunitetea hakuna). Niseme ukweli nikose mke, ninyamaze nikose bega, jamani, mngefanyaje? Kidole gumba cha Dani kilipozama, nikachomoka mbio kifua wazi, na kule uani nikamvaa mama mkwe, ambaye kwetu hata kumkaribia ni mwiko, sembuse bila shati. Sufuria ya samaki ikamwagika, akajifunika uso kwa leso akipiga mayowe, nami nikipiga yangu.

"Nilipasuliwa! Daktari alihamisha mfupa! Msirudishe!"

Baba yake Adhiambo akatoka ndani na shati langu, akanikabidhi.

"Bega si shida, bwana. Lakini mtu anaficha mfupa yake mwenyewe, msichana yangu atamficha nini?"

Tuliondoka bila kuonja chochote, na ilichukua mwaka mzima, na mbuzi wa kumtuliza mama mkwe, kabla sijaitwa tena. Adhiambo alinisubiri, lakini niliapa kutoficha tena: siku hizi hata fundi wa nguo akija na utepe wake kunipima, namwambia kwanza, bwana, hilo bega lina skrubu.