Wali Uliokwisha Kupaliwa

Usiku ule wa kuamkia Jumapili ya Meza ya Bwana nililala mikono inanuka vitunguu, nami nimenuna. Mama mkwe wangu, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu na pumzi zikimpungua kila siku, alikuwa ameniomba tena nikae naye tusali. Nikamjibu nakuja. Hiyo “nakuja” yangu ilikuwa na miezi mitatu. Si kwamba nilimtupa. Nilimwogesha, nilimlisha uji, nilimgeuza ubavu, na shuka zake zilinukia sabuni. Kukaa tu ndiko kulinishinda. Mtu mzima aketi mikono mitupu, na vyombo vimejaa karai?

Usingizini nikajikuta kwenye jiko la kanisa letu, kile kibanda cha mabati. Mama Eliza alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa. Huyu ndiye aliyenifundisha kupikia kanisa zima, na tulimzika mwaka juzi; wali wa msiba wake niliupika mimi. Sikuogopa. Niliona aibu tu kwamba amenikuta chakula hakijaiva.

Nilikuwa nimeshaupalia wali, makaa juu ya mfuniko, kama alivyonielekeza. Lakini kila mara nafunua, nachungulia, nafunika. Yeye ananitazama tu. Kanisani wanaanza kuimba, nami nafunua tena, na mvuke wote unatoka. Naonja. Punje bado ni ngumu katikati.

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza kwamba kazi ni nyingi, wenzangu wanachelewa, wazee wa kanisa wakikosa chakula lawama ni zangu, na tena mshika mawili, moja humponyoka. Mama Eliza akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

“Ukishaupalia, mwanangu, wewe umemaliza. Uachie moto.”

Hapo nikakumbuka. Miaka yote ile, akishapalia alikuwa akivua kanga ya jikoni, ananawa, anaingia kanisani na kukaa benchi la nyuma mpaka baraka. Wali wake haukuharibika hata siku moja. Sisi tulimcheka pembeni, tukisema mama amezeeka, anakwenda kupumzisha magoti. Niliumia sana kukumbuka hilo.

Ananishika kiwiko, tunavuka mlango. Ng'ambo si kanisani, ni chumbani kwa mama mkwe. Amelala macho wazi, midomo inacheza polepole. Nainama haraka kumnyoosha shuka, lakini shuka limeshanyooka. Natafuta bakuli la uji, na bakuli ni safi. Nazunguka chumba kizima nikitafuta kitu cha kufanya, na hakuna. Nikashikwa na woga ambao hata msibani sijawahi kuuona.

Mama Eliza akasema nyuma yangu, “Umempa kila kitu. Bado wewe.”

Nikageuka nimjibu, na nilikuwa nimeamka, machozi yameshafika masikioni. Jogoo wa jirani walikuwa wakiwika. Kwa desturi yangu, saa hizo ningekuwa nimeshafunga kanga kiunoni kuwahi jikoni kanisani. Nilikwenda chumbani kwa mama mkwe bila hata kuwasha jiko la uji, nikaketi ukingoni mwa kitanda.

Alikuwa macho. Akaniuliza nimeleta nini.

“Sijaleta kitu, mama,” nikamwambia. “Nimekuja kukaa.”

Akajisogeza kuelekea ukutani, kwa shida, ili nipate nafasi. Akautafuta mkono wangu, akaupata.

“Haya, tusali,” akasema. “Halafu uende. Watu lazima wale.”

Akafumba macho, akaanza na jina langu.