Zulia Jekundu la Lemon Gaba

Jua la Juba linakausha godoro kwa saa chache tu. Lile zulia jekundu tulilianika siku nne, na katikati pakabaki maji yenye umbo la mtu aliyelala ubavu.

Sikuwa nimelewa. Karakana nzima tuliliona.

Naitwa Namutebi. Hapa Gurei tunakusanya mazulia makuukuu, tunayaosha, tunayasaga yawe nyuzi za kujazia magodoro. Serikali ikatuambia hakuna kusaga mpaka mpango wetu uidhinishwe, na kila zulia liandikwe lilikotoka.

Watu kumi na wawili tunakula kwa karakana ile. Nikaandika "ofisini" mstari kwa mstari, maana ofisi haina maswali mengi.

Ukweli ni kwamba lile jekundu, Fulgensio, mkusanyaji wetu, alilichomoa kwenye shimo la msingi wa nyumba, huko mtaa wa Lemon Gaba. Hakuniambia kulikuwa na nini kingine. Nami sikuuliza.

Ofisa wa wizara, Madam Kiden, akaja kukagua. Alipofika penye zulia akavua viatu, akapiga magoti, akageuza pembe yake.

"Dada, hii mulitoa wapi?"

"Ofisini, Madam."

"Ofisi gani?"

"Iko mjini. Walihama."

Akashika mshono wa uzi wa kijani.

"Hii mama yangu alishona. Vita ya 2016 tulifunga kaka yangu Lemi ndani yake, sanduku hakuna. Majirani walienda kumuzika, sisi tukakimbilia Uganda. Majirani hao hatukuwaona tena, kaburi hatujui liko wapi."

Nikisema, kibali kwaheri. Nikauchuna.

Akaondoka bila kuniaga.

Wiki ile sikuwa na amani. Mchana kweupe nikipita penye lile zulia, nasikia mtu anavuta pumzi kwa shida. Fulgensio naye alisikia, akaacha kulia chakula karakanani.

Siku ya nane Madam akarudi. Nikashindwa, nikamwaga yote.

"Tunyime kibali, Madam. Uongo ni wangu peke yangu."

Akafungua mkoba, akanipa karatasi. Kibali chetu, na sahihi yake.

"Nilisaini kabla ya kuja ile mara ya kwanza. Nilikuletea. Kuona zulia, nikasahau kukupa."

Nikakosa pa kuweka uso.

"Yala, twende," akasema.

Tulichukua boda tatu, Fulgensio mbele. Tukakuta shimo limejaa zege, limesawazishwa vizuri.

"Mulikuta mtu hapa?" Madam akamuuliza fundi.

"Tulikuta mifupa, mama. Tulirudisha ndani kwa heshima."

"Zege mulimwaga lini?"

"Juzi."

Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kuvunja. Madam Kiden huenda kila Jumapili baada ya ibada, anasimama nje ya ukuta wa nyumba ya watu.

Kibali kimetundikwa karakanani. Mimi napita nimeinamisha kichwa.

Ndugu msomaji, mtu akikuuliza kitu ulikitoa wapi, mjibu siku hiyohiyo. Hujui anamtafuta nani.